Kilo za banda la 07 kwa jina la banda la 11: kisa cha itifaki ya mizani ya mwani Pemba

Mnunuzi mmoja wa mwani kaskazini mwa Pemba aliweka mizani za elektroniki kwenye mabanda yake ya kununulia. Kila mizani iliungwa kwa waya na sanduku dogo lenye chipu, modemu na laini ya simu. Karani anaingiza namba ya mkulima, anabonyeza C (cottonii) au S (spinosum) kwa aina ya mwani, mizani inatoa kilo, na sanduku linatuma rekodi kwenye seva iliyoko Unguja. Seva inapiga hesabu, pesa inaingia kwenye simu ya mkulima, mara nyingi kabla polo halijateremshwa mizanini.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka siku moja ya kununua, mtandao ukija na kukatika. Mama mmoja akamfuata karani, simu mkononi: "Mwanangu, mie nimepima polo moja, mbona simu imelia mara mbili?" Alikuwa amelipwa mara mbili, na hakuwa peke yake. Hakuna aliyeiba. Sanduku lilituma rekodi, jibu la seva likapotea njiani, sanduku likatuma tena ujumbe uleule, na seva ikaupokea kama mgeni. Kuna mafundi wengi ambao wangeliziba tundu hilo kwa mistari michache ya kodi ya programu na kuendelea na mambo yao. Vijana wawili waliotengeneza mfumo, kaka wa seva na dada wa sanduku, waliuliza swali la pili, na ndilo lililonifanya niitwe: ikiwa seva inaupokea ujumbe wa jana unaporudiwa kwa bahati mbaya, itaukataaje unaporudiwa na mtu kwa makusudi?

Haikuwa na njia ya kuukataa. Na tulipoanza kuchimba, yakatoka mengine, mpaka mfumo ukapita matoleo manne. Jambo la kuangalia katika kisa hiki ni kwamba katika matoleo yote manne hakuna mahali ambapo mtu angelazimika kuivunja AES au hesabu yoyote ya usimbaji, yaani ya kuficha maneno kwa ufunguo. Mengi ya mashambulio yalipita palepale ambapo ujumbe ulikosa kubeba, ndani ya kufuli lake, moja kati ya mambo matatu: nani anasema, anamwambia nani, na katika kikao kipi.

Biti moja

Toleo la kwanza lilisimba kila rekodi kwa AES ya biti 128, kwa mtindo wa CBC, unaosimba maandishi bloku kwa bloku na kuzifungamanisha, na kianzio kipya cha nasibu, yaani baiti za kuanzishia mnyororo huo, kwa kila ujumbe. Ufunguo ulikuwa mmoja kwa masanduku yote. Kaka wa seva alijivunia kile kianzio cha nasibu, na alikuwa na haki kiasi, kwa kuwa wengi huweka sifuri kumi na sita wakaenda kulala.

Rekodi ilianza hivi: herufi mbili za namba ya banda, herufi moja ya aina, kisha namba ya mkulima, uzito na saa. Katika CBC, seva ikishafungua bloku ya kwanza huichanganya na kianzio kwa XOR, operesheni inayolinganisha biti kwa biti, ndipo maandishi halisi yanapotokea. Kianzio chenyewe husafiri wazi, kwa sababu si siri. Basi ukigeuza biti fulani ya kianzio njiani, biti ya mahali palepale inageuka kwenye maandishi ya bloku ya kwanza, na hakuna kingine kinachoharibika.

Sasa tazama herufi zenyewe. Katika ASCII, jedwali linaloipa kila herufi namba, S ni 53 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, na C ni 43. Kwa biti, S ni 01010011 na C ni 01000011. Zinatofautiana kwa biti moja tu. Mtu aliye njiani, asiye na ufunguo, anachukua baiti ya tatu ya kianzio, anageuza biti hiyo, anaachia ujumbe uende zake. Seva inafungua bila malalamiko na inasoma kwamba banda limepima cottonii badala ya spinosum.

Kwa asiyejua biashara hii, hilo ni jambo la pesa. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na tangu hapo aina mbili ndizo zinazolimwa. Cottonii ina bei zaidi lakini haivumilii maji ya moto. Spinosum ni ngumu, inastahimili, na bei yake ni ya chini. Kugeuza S kuwa C kwa polo zima la mwani mkavu ni kuzidisha malipo bila kuongeza hata utembo mmoja.

Nilipowaonyesha kwenye kompyuta, dada wa sanduku akauliza, "Yaani maalim, mwizi hahitaji hata ufunguo?" Hahitaji. Usimbaji unaficha maneno. Kulinda maneno yasibadilishwe ni kazi nyingine, na CBC peke yake haikuahidi kazi hiyo kamwe.

Mengine ya toleo hili nayapita haraka. Seva ilikuwa inarudisha hitilafu mbili tofauti, moja kwa ujazo mbaya (baiti za kujazia bloku ya mwisho) mwishoni mwa ujumbe na nyingine kwa mkulima asiyejulikana, na tofauti hiyo peke yake inatosha kumfungulia mshambuliaji maandishi yote baiti kwa baiti. Serge Vaudenay aliionyesha njia hiyo mwaka 2002, na watu bado wanairudia. Ufunguo mmoja kwa wote nao maana yake ni kwamba sanduku moja likifunguliwa kwa bisibisi, mabanda yote yamefunguliwa.

Dawa ya upande wa usimbaji inajulikana. Mihir Bellare na Chanathip Namprempre walilichambua suala hili mwaka 2000: simba kwanza, kisha tia muhuri, alama ya ukaguzi inayotengenezwa kwa ufunguo, juu ya kilichosimbwa, na mpokeaji auhakiki muhuri kabla ya kugusa kitu kingine. Leo hakuna haja ya kuviunganisha viwili hivyo kwa mkono, kwa kuwa zipo mbinu zinazofanya yote kwa pamoja. Toleo la pili likachukua ChaCha20-Poly1305 kama ilivyoandikwa katika RFC 8439, moja ya hati za kiufundi za intaneti, na hitilafu zote za seva zikawa moja isiyosema kitu. Mlango wa usimbaji ukafungwa. Ulibaki mlango wa ufunguo.

Kunong'ona gizani

Ili kuachana na ufunguo mmoja wa kudumu, vijana wakaleta makubaliano ya ufunguo. Wazo ni la Whitfield Diffie na Martin Hellman, 1976: pande mbili zinabadilishana namba hadharani, na kila upande unatoka na siri ileile ambayo msikilizaji hawezi kuipata. Walitumia X25519 ya Daniel J. Bernstein, chaguo zuri, baiti 32 kila upande. Kila asubuhi ya siku ya kununua, sanduku na seva zinakubaliana ufunguo mpya, na jioni unatupwa.

Tatizo ni kwamba makubaliano ya namna hii, yakiwa peke yake, ni kunong'ona gizani: hakuna wa pembeni anayesikia, lakini hujui sikio uliloliegemea ni la nani. Mtu wa kati anakubaliana ufunguo mmoja na sanduku, mwingine na seva, na yeye anasoma, anabadilisha na kupitisha. Mtandao wa simu nao haumkingi mtu hapa. Modemu zile zikikosa mawimbi ya kutosha hurudi 2G, na katika GSM mnara ndio unaoithibitisha laini. Laini haina njia ya kuuthibitisha mnara. Mnara wa uongo ni kifaa kinachonunulika.

Toleo la pili halikuishi sana. Vijana waliona wenyewe kwamba linahitaji saini.

Saini mbili za kweli na ukweli mmoja uliopotea

Hapa ndipo nilipotaka tukae. Toleo la tatu ndilo ambalo fundi mzuri mwenye bidii angeliandika, na kwa macho limekamilika.

Kila sanduku lilipewa ufunguo wake wa siri wa kutia saini, na seva wake; saini hiyo huhakikiwa kwa ufunguo wa wazi unaoendana nao. Ufunguo wa wazi wa seva ulipakiwa ndani ya kila sanduku. Funguo za wazi za masanduku zikaandikwa kwenye seva kwa namba ya banda. Maamkizi, yaani mazungumzo ya kufungua kikao, yalikuwa hatua tatu. Sanduku linasema "mimi ni 07" na kutuma namba yake ya Diffie-Hellman. Seva inajibu kwa namba yake, pamoja na saini juu ya namba zote mbili. Sanduku linahakiki, kisha nalo linatuma saini yake juu ya namba hizohizo mbili. Saini inashika namba za pande zote, na namba ni mpya kila mara, hivyo huwezi kuleta saini ya juzi. Mtu wa kati hawezi kuingiza namba yake, maana saini itakataa.

Na kwa kuwa kikao sasa kinajulikana ni cha banda gani, wakaiondoa namba ya banda kwenye kila rekodi ili kuokoa bando. Likumbuke hilo.

Sasa mchukue karani wa banda la 11. Si mgeni, ana sanduku halali, limeandikishwa, lina ufunguo wake wa saini. Na karani analipwa kamisheni kwa kilo zinazopita bandani kwake. Anakaa kati ya banda la 07 na seva. Sanduku la 07 linapotuma "mimi ni 07" na namba yake, yeye anabadilisha jina tu: "mimi ni 11". Namba haigusi. Seva inajibu kwa namba yake na saini yake, na karani anaipitisha kama ilivyo. Sanduku la 07 linahakiki saini ya seva, ni sahihi kabisa, linatuma saini yake. Karani anaitupa saini hiyo, anaweka saini ya sanduku la 11 juu ya namba zilezile mbili. Seva inahakiki kwa ufunguo wa 11, ni sahihi.

Ufunguo uliotokea ni mmoja, kati ya sanduku la 07 na seva. Karani haujui. Hawezi kusoma rekodi hata moja wala kubadilisha hata biti. Lakini siku nzima kilo za banda la 07 zinaandikwa kwa jina la banda la 11, wakulima wanalipwa sawasawa, hakuna anayelalamika, na mwisho wa mwezi kamisheni inakwenda kwake.

Kaka wa seva alilikataa hilo kwa muda. "Lakini kila saini ni ya kweli," alisema. Ni ya kweli, ndiyo. Kila saini inathibitisha kwamba mwenye ufunguo fulani ameziona namba hizi mbili. Hakuna saini inayosema namba hizo zinamhusu nani na nani. Shambulio hili lilielezwa na Diffie, Paul van Oorschot na Michael Wiener mwaka 1992, na lina jamaa mkubwa zaidi. Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha itifaki yao mwaka 1978, ikasomwa na kufundishwa, hata ikathibitishwa kwa mantiki ya zama zile, mpaka 1995 Gavin Lowe akaonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kuitumia kujifanya mtu mwingine. Tiba yake ilikuwa kuongeza jina la mjibuji kwenye ujumbe wa pili. Jina moja, miaka 17.

Tuliliandika toleo la tatu katika ProVerif, programu inayotafuta mashambulio ya aina hii yenyewe. Kilichowafunza vijana kuliko maneno yangu kilikuwa hiki: mara ya kwanza waliiuliza kama ufunguo unabaki siri, ikajibu ndiyo, na wakanitazama kwa jicho la ushindi. Kisha tukauliza swali jingine: kila sanduku linapoamini kwamba limeanza kikao na seva kwa ufunguo fulani, je, seva nayo inaamini ipo kikaoni na sanduku hilohilo kwa ufunguo huohuo? Ikajibu hapana, ikachapisha hatua za karani wa 11 moja baada ya nyingine. Programu hizi hujibu swali uliloliuliza tu. Ukiuliza usiri peke yake, utapewa usiri peke yake.

Dawa zake ni mbili zinazojulikana. Ya kwanza, kila upande utie jina la mwenzake ndani ya saini: seva ingesaini "namba hizi mbili, nazungumza na 11", sanduku la 07 lingeona 11 likakata. Ya pili ni ya Hugo Krawczyk katika itifaki yake ya SIGMA, 2003: kila upande, pamoja na saini, utie muhuri juu ya jina lake mwenyewe kwa ufunguo uliotokana na kikao chenyewe. Karani wa 11 hana ufunguo huo, hivyo hawezi kutia muhuri wa "mimi ni 11". TLS 1.3, itifaki inayolinda tovuti, imejengwa juu ya wazo hili la pili.

Toleo la nne

Hapo nikawaambia waache kuandika maamkizi yao wenyewe. Si kwa dharau. Walikuwa wamefika mahali ambapo itifaki nyingi za watu wenye vyeo vikubwa hazikufika. Lakini kila toleo lilikuwa limeziba tundu walilolijua, na wasiyoyajua yako palepale.

Chaguo langu la kwanza lilikuwa TLS 1.3, RFC 8446 ya Agosti 2018, na vyeti vya utambulisho pande zote mbili. Dada wa sanduku akaleta pingamizi lenye uzito: sanduku halina betri ya saa. Umeme ukirudi linaamka likidhani ni tarehe 1 Januari 1970, linakitazama cheti cha seva, linaona hakijaanza kutumika, linakataa. Unaweza kulifundisha lipuuze tarehe, lakini ukishaanza kuifundisha maktaba ya TLS ipuuze mambo, umeanza kuandika itifaki yako tena kwa mlango wa nyuma.

Tukachukua Noise, mkusanyiko wa mifumo ya maamkizi uliotungwa na Trevor Perrin. WireGuard, programu ya VPN, imejengwa juu yake, na WhatsApp huitumia kati ya simu na seva zake. Mfumo uliofaa unaitwa IK: sanduku linaujua ufunguo wa kudumu wa seva tangu kiwandani, na linatuma wake likiwa limeusimba. Hakuna cheti wala tarehe, na utambulisho wa kila upande ni ufunguo wenyewe. Kila kilichotumwa, tangu herufi ya kwanza, huingizwa kwenye heshi moja (muhtasari wa hesabu, kama alama ya kidole) inayokua, na kila muhuri unaishika heshi hiyo. Karani wa 11 akibadilisha chochote, pande mbili zinakuwa na heshi tofauti na ujumbe unaofuata haufunguki. Kwa X25519 na ChaCha20-Poly1305, ujumbe wa kwanza ni baiti 96 na wa pili ni 48. Jumla 144. Ile hoja ya bando ikafa hapohapo, na namba ya banda ikarudishwa ndani ya kila rekodi, hata kama haihitajiki tena. Niliisisitizia hiyo.

Mambo mawili yalihitaji uangalifu. IK inaruhusu kutuma mzigo ndani ya ujumbe wa kwanza kabisa, na kishawishi ni kikubwa: rekodi ya kwanza ifike bila kusubiri. Lakini ujumbe huo unaweza kurekodiwa na kurudiwa, kwa sababu seva bado haijachangia kitu kipya. WireGuard inalizuia hilo kwa kuweka muhuri wa saa ndani yake. Sisi saa hatuna. Basi ujumbe wa kwanza unakwenda mtupu, na kilo zinasubiri mpaka seva ijibu.

La pili ni kipindi cha mpito. Masanduku hayakubadilishwa siku moja, na seva ililazimika kuyapokea ya zamani na mapya. Mshambuliaji akiuzuia ujumbe mpya mpaka sanduku likate tamaa na kurudi toleo la kwanza, kazi yote imekuwa bure. Hivyo ndivyo shambulio la POODLE lilivyofanya mwaka 2014: vivinjari vilisukumwa kurudi SSL 3.0, mtangulizi wa TLS, kitu cha 1996. Tukaweka namba ya toleo ndani ya heshi ya maamkizi. Zaidi ya hapo, banda likishaandikishwa kwa toleo la nne, seva haipokei tena la kwanza kutoka kwake. Wala sanduku jipya halikubebeshwa kodi ya zamani. Lisilokuwemo halirudiwi.

Umeme ukikatika

Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010, na umetulia kuliko zama za majenereta. Lakini bandani ufukweni unakatika kwa sababu ndogo zaidi, plagi iliyoliwa na chumvi, mtoto aliyechomoa waya achaji simu. Itifaki ambayo haijapangiwa hilo ni nzuri kwenye karatasi tu.

ChaCha20-Poly1305 inataka kila ujumbe chini ya ufunguo mmoja uwe na namba ya kaunta isiyorudiwa. Ukirudia kaunta, msikilizaji akizichanganya jumbe mbili kwa XOR anapata mchanganyiko wa maandishi mawili, na vibaya zaidi, anaweza kupata cha kughushia mihuri. Dada wa sanduku alikuwa amehifadhi ufunguo wa kikao na kaunta kwenye flashi, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, ili umeme ukirudi sanduku liendelee bila maamkizi mapya, na kaunta ilihifadhiwa kila baada ya rekodi kumi ili flashi isichakae. Umeme ukikatika kwenye rekodi ya saba, kaunta inarudi nyuma na ufunguo ni uleule. KRACK, shambulio la Mathy Vanhoef la 2017 lililoitikisa Wi-Fi yote, lilikuwa na roho hiyohiyo: kifaa kinarudishwa kwenye ufunguo kilichokwisha kuutumia na kaunta inaanza upya. Uamuzi ulikuwa mfupi. Funguo za kikao zinakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, tu. Umeme ukikatika zinakufa nao, na maamkizi yanaanza upya. Baiti 144 si kitu.

Kisha namba nasibu. Chipu waliyotumia ina kizalishi ambacho, kwa mujibu wa kitabu chake, hutegemea redio ya ndani iwe imewashwa. Wao walikuwa wameizima kuokoa umeme, kwa kuwa modemu ni ya nje. Sanduku linaamka na kutunga namba yake ya siri kabla halijakusanya nasibu ya kutosha. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Nadia Heninger waliipekua intaneti na kupata funguo za siri za makumi ya maelfu ya vifaa, vingi vikiwa vidogo vya namna hii, vilivyotunga funguo mara tu baada ya kuwashwa. Tuliongeza mbegu ya nasibu iliyopakiwa kiwandani, tofauti kwa kila sanduku, inayochanganywa na kubadilishwa kila linapowaka, na chanzo cha nasibu cha chipu kikawashwa kabla ya maamkizi.

Na yule mama aliyelipwa mara mbili? Toleo la nne, pamoja na hesabu zake zote, halikumsaidia hata kidogo. Kaunta ya Noise inazuia ujumbe kurudiwa ndani ya kikao kimoja. Lakini mtandao ukikatika sanduku linafungua kikao kipya, na rekodi isiyopata jibu inatumwa humo kwa ufunguo mpya, kaunta mpya, muhuri halali. Kwa itifaki huo ni ujumbe mpya. Kwa mlipaji ni polo lilelile. Tofauti hiyo haijui mtu isipokuwa programu ya malipo, na hapo ndipo ilipowekwa: kila kipimo kinapata namba yake, inaandikwa kwenye flashi kabla ya kutumwa, na hifadhidata ya seva inakataa namba ya banda na namba ya kipimo zikija mara ya pili. Seva inajibu "nimeshaipokea", hailipi. Kaka wa seva alicheka: ilikuwa ile mistari michache ya kodi, ile ambayo ingeliandikwa siku ya kwanza.

Aliuliza pia kuhusu kompyuta za kwantamu, kwa sababu alikuwa amesoma habari za ML-KEM, njia ya kukubaliana ufunguo iliyokusudiwa kuzistahimili, kiwango cha Marekani cha Agosti 2024. Kwa mfumo huu sikuona haraka. Ufunguo wa wazi wa ML-KEM-768 ni baiti 1,184 dhidi ya 32, na hofu ya leo ni ya mtu anayerekodi sasa ili afungue baada ya miaka. Akifungua, atajua nani alipima kilo ngapi za mwani siku fulani, jambo ambalo bandani lilisemwa kwa sauti. Kughushi rekodi ya zamani hawezi. Kwa rekodi za hospitali ningejibu vingine.

Waya wa mizani

Itifaki inaanzia kwenye sanduku. Kati ya sanduku na mizani kuna waya wa mita moja na nusu unaopitisha kilo kwa maandishi ya wazi, bila muhuri, na mizani za bei ile hazina uwezo wa kusaini kitu. Juu ya waya kuna kidole cha karani kinachobonyeza C au S. Ile biti moja niliyoigeuza kwa hesabu, yeye anaigeuza kwa kubonyeza.

Wakulima walilijua hilo kabla yetu. Wengi wanakuja na daftari, na asiyeandika mwenyewe ana mjukuu wa kumwandikia. Pendekezo langu lilikuwa kioo cha pili kwenye sanduku kinachoelekea kwa mkulima, kikionyesha jina, aina na kilo, na rekodi isitumwe mpaka naye abonyeze kitufe chake. Ujumbe wa malipo nao utaje aina na namba ya kipimo, ulinganishwe na daftari. Ujumbe umeshabadilishwa, maana ni kazi ya seva tu. Vioo mnunuzi ameviona ni gharama, ameviahirisha mpaka msimu ujao, na mpaka naandika haya mabanda yote yanapima kwa toleo la nne na kitufe kimoja.